Koti Langu Lilifika, Mimi Sikufika

Vijana wa kaunta mmenitaka niandike machache kuhusu miaka yangu ya kituoni. Nimekubali upesi, kwa sababu nikichelewa ataandika Suleiman, na yeye akiandika mambo huwa mazuri kuliko yalivyokuwa. Anayetaka kujua nilipanda cheo lini na nililipwa nini, akamuulize karani wa mafaili. Hapa nitaeleza kazi. Na nitasema mapema, ili asije mtu akadhani amelifumania mwenyewe: kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo nilimwonea mtu mmoja wivu. Sisemi ule wivu wa kutamani nami nijaaliwe kama yeye, tunaousema tukitaka kujistahi. Nasema wivu wa kumkosesha mtu usingizi na hamu ya chakula.

Niliingia kazini mwanzoni mwa miaka ya tisini. Kituo chetu cha mabasi pale Ruwi, Maskati, kilikuwa paa la bati juu ya nguzo sita zenye namba, mabenchi ya saruji ambayo ikifika saa nne ya asubuhi hayakaliki, na ofisi moja yenye kiyoyozi kinachodondosha maji ndani ya ndoo. Siku ya kwanza nilivaa kanzu mpya, kilemba nimekifunga mara tatu mbele ya kioo, na manukato ya kutosha watu wanane. Msimamizi wa kituo, Maalim Hafidh, mtu wa Sidab, alinitazama toka juu mpaka chini.

"Umekuja kazini wewe, au umekuja kuposa?"

Akanipa filimbi, kitoboleo cha tiketi, na daftari la vitu vilivyosahauliwa. Halafu akanivuta mpaka nguzo ya kwanza, karibu na barabara, mabasi yote yakiwa yamewashwa, akaniambia nitangaze basi la Nizwa bila ya kipaza sauti mpaka muuza maji aliyesimama nguzo ya sita anyanyue mkono. Nilikazana kupiga kelele. Muuza maji hata hakugeuka. Maalim akaniambia nisipige kelele, niishushe sauti, niitoe tumboni. Mara ya nne muuza maji alinyanyua mkono, na mimi nikajua nina sauti. Nilikuwa na miaka thelathini na mbili na hakuna aliyewahi kuniambia.

Mambo mengi mnayoyafanya leo mkidhani yametoka kwenye kitabu yametoka kwa mzee yule. Usitangaze basi linaporudi nyuma. Usinywe maji ya baridi kabla ya saa sita. Taja mji mara mbili, nyamaza uhesabu mpaka nne, ndipo useme nguzo. Katika hizo nne mama anaamka, anamtafuta mwanawe, anakumbuka kuwa ni yeye anayekwenda Nizwa. Ukiitaja nguzo mapema unajisemea peke yako. "Watu hawasomi ubao," alikuwa akisema, "hata waliosoma hawausomi."

Alipostaafu, kipaza sauti kikawa changu. Mtihani wangu mkubwa wa mwaka ule alikuwa bibi mmoja aliyetoka Unguja wiki mbili nyuma kuja kukaa kwa mwanawe Sur. Kiarabu alikuwa hajui hata cha salamu. Nilitangaza Sur kwa Kiarabu, nikatangaza kwa Kiingereza, mabasi mawili yakaondoka, bibi yupo palepale na kapu lake. Basi la tatu nikasema kwa Kiswahili, kwenye kipaza sauti, kituo kizima kikisikia: "Bibi mwenye kapu la kijani, basi la Sur ndilo hilo, nyanyuka mama, nguzo ya tano." Bibi alinyanyuka, na watu wakacheka, na ndipo nilipogundua kuwa nusu ya kituo wanakijua Kiswahili na wamekaa kimya tu. Toka siku hiyo nikawa natangaza kwa lugha tatu. Baada ya mwezi nikapata barua ya onyo kutoka kwa mudiri, meneja wetu: matangazo ni kwa Kiarabu na Kiingereza, lugha za majumbani zibaki majumbani. Nikarudi kwenye lugha mbili, barua nikaikunja nikaitia kwenye mtoto wa meza. Ikumbukeni barua hiyo, maana mimi sikuisahau.

Suleiman alikuja katikati ya miaka hiyo ya tisini. Kijana wa Hail, mwembamba, mtoto wa pekee wa mama mjane, amenipita kwa heshima na nimempita kwa miaka kumi. Nilimfundisha kila kitu: filimbi, daftari, kuhesabu mpaka nne. Alikuwa akikaa pembeni yangu ninapotangaza, kidevu kwenye kiganja, hata zamu yake ikiwa imekwisha. Nilidhani anapenda kiyoyozi.

Kisha ikaja habari ya Uholanzi. Kampuni yetu ilipata nafasi ya kumpeleka mtu mmoja, miezi mitatu, kwenye kituo kidogo cha treni cha zamani, katika mji mdogo ambao jina lake sijawahi kulitamka sawasawa. Lengo lilikuwa kujifunza jinsi kituo kinavyowatumikia watu wa mahali pake. Hakukuwa na mtu kituoni aliyekuwa na shaka kuwa ni mimi nitakayekwenda, na mimi ndiye niliyekuwa na uhakika kuliko wote. Babu yangu alikuwa akijitapa mpaka anakufa kuwa alipanda treni ya Bububu, kule Unguja, utotoni mwake. Alikuwa akituigizia mlio wake, akatuonyesha kwa fimbo pale reli ilipopita. Mimi kazi yangu ni ya vituo na treni sijawahi hata kuigusa.

Nikaenda sokoni Ruwi kutafuta koti la baridi. Muuzaji alilitoa chini kabisa ya rafu, la sufu, rangi ya kijivu, zito, akalipangusa vumbi na kuniuliza kama mwaka huu nimesikia theluji inakuja Maskati. Jioni nililivaa nyumbani, nikafungulia kiyoyozi mpaka mwisho, nikawa natembea sebuleni nikizoea. Mke wangu Zuwena alicheka mpaka akakaa chini.

Wiki iliyofuata jina likatoka. Suleiman. Mudiri aliniita akaniambia kijana bado ana miaka mingi ya kuitumikia kampuni, na zaidi ya hayo, "wewe tunakuhitaji hapa." Mkiambiwa maneno hayo, vijana, jueni mmeshanyimwa.

Siku mbili kabla ya safari Suleiman akaja nyumbani. Alikunywa kahawa finjani tatu ndipo akasema.

"Kaka Nassor, nna haya kukwambia. Nimezunguka maduka yote, koti la kunienea sikupata. Nimesikia wewe unalo."

Nilitaka kuandika hapa kuwa nilimpa kwa roho safi. Nilimpa kwa sababu Zuwena alikuwa amesimama mlangoni ananitazama.

Aliporudi alileta picha kubwa, akaitundika ofisini juu ya birika la chai, mahali ambapo mtu hawezi kujimiminia chai bila ya kuiona. Kituo cha matofali mekundu, madirisha marefu yenye upinde juu, saa ya duara, na mbele yake watu kama ishirini wa mji ule wamesimama wanacheka. Katikati yupo Bi Hanneke, mama wa makamo mwenye kofia ya kazi, msimamizi wa kituo. Pembeni yake Suleiman, ndani ya koti langu. Kila asubuhi nilimimina chai nikalitazama koti langu limesimama Uholanzi.

Na masimulizi sasa! Kituo kina zaidi ya miaka mia. Wakubwa wa reli walitaka kukifunga kwa kuwa abiria wamepungua, na watu wa mji wakakataa. Wazee waliostaafu wakapangiana zamu: mmoja anafungua chumba cha abiria alfajiri na kuwasha jiko la kuni, mwengine analeta maua. Chumba cha mizigo cha zamani wamempa fundi baiskeli. Kuna rafu ya vitabu, chukua kimoja weka kimoja. Alkhamisi kuna supu. Bi Hanneke anatangaza treni mwenyewe, kwa mdomo wake, na abiria anawajua kwa majina. Dereva mmoja wetu akamuuliza Suleiman, mtu akichelewa treni inamsubiri? "Treni haimsubiri mtu," Suleiman akajibu, "lakini Bi Hanneke akiona dakika tano zimebaki na fulani hajatokea, anampigia simu nyumbani."

Niliyasikia hayo mara nyingi mpaka kituo kile nikakijua kuliko jikoni kwangu. Nilijua benchi lipi limechongwa majina ya wapenzi na mlango upi unakwama mvua ikinyesha. Nilimwonea wivu Suleiman, nikamwonea wivu Bi Hanneke, na mwisho nikakionea wivu kituo chenyewe, matofali yake, kwa kuwa kimezeeka na watu wamekipigania. Chetu kikitoboka bati hakuna hata aliyekuwa akitazama juu. Koti liliporudi lilikuwa linanuka moshi wa kuni, na mfukoni mna tiketi iliyotobolewa. Koti lilikuwa limepanda treni. Nililitundika kabatini nikafunga mlango kwa nguvu.

Suleiman aliandika ripoti, mudiri akaisoma, na kituo kikabadilika. Kina mama wa Hail na Bustan wakaanza kuleta mirehani kwenye makopo ya samli, tukaipanga chini ya nguzo. Mzee mmoja aliyekuwa fundi viatu akapewa kona ya kushona mikoba iliyokatika. Ikawekwa rafu ya vitabu, ikawekwa tende na kahawa kwa abiria. Na matangazo yakawa ya lugha tatu, pamoja na Kiswahili, na watu wakitajwa kwa majina: "Bi Shamsa wa Sidab, basi lako limeingia, usisahau dawa zako kwenye benchi." Mudiri aliwaonyesha wageni jambo hilo na kuliita ujuzi wa Kiholanzi. Siku hiyo nilifungua mtoto wa meza, nikaitoa ile barua yangu ya onyo, nikaisoma toka mwanzo mpaka mwisho, mpaka sahihi.

Kipaza sauti alipewa Suleiman. Mimi nikapelekwa meza ya ratiba, ile iliyo chini ya kiyoyozi, karibu na ndoo. Kutoka hapo nilikuwa nikimsikia kutwa. Alikuwa ameondoka na kijisauti cha kawaida, akarudi na sauti nzito, ya kutulia, inayofika nguzo ya sita bila ya haraka. Abiria waliisifu sana. Wengine walisema ni hewa ya huko, wengine walisema ni mafunzo. Wote walisema mashallah. Walisema mashallah kwa sauti, kwa picha, kwa mirehani, kwa supu waliyoisikia tu. Mimi sikusema. Siku zote nilikuwa na kitu mdomoni, chai, kalamu, tende, ili mtu asije akaningojea niseme.

Hivyo ndivyo tulivyoishi miaka minne.

Mwaka wa tano sauti ilianza kumkauka. Kwanza asubuhi tu, baadaye kutwa, halafu siku moja akafungua kipaza sauti kutangaza Sohar na kikatoka kitu kama mlio wa mlango wa kabati. Alijaribu tena. Watu waliinua vichwa. Mudiri akampeleka hospitali, na daktari wa koo akampiga marufuku kusema hata neno moja kwa miezi miwili, na baada ya hapo itaonekana. Mimi nikarudishiwa kipaza sauti.

Nilifurahi. Naandika neno hilo kama lilivyo, silipunguzi. Nilitangaza Nizwa siku ile kama ninayesoma khutba. Suleiman alikaa kwenye meza ya ratiba, karibu na ndoo, amefunga kitambaa shingoni, anajaza fomu.

Kahawa yetu wakati huo ilikuwa mikononi mwa Akinyi, Mkenya wa Kisumu, aliyekuwa na banda lake la chai pembeni ya ofisi. Mchapakazi, msema kweli, kwenda kanisani Ijumaa, siku ya mapumziko kwetu, hakosi. Asubuhi moja alinisogelea na sinia.

"Mzee Nassor, nikuulize kitu. Hiyo kikombe yako iko na shida gani?"

"Shida vipi?"

"Si wameniambia nisiioshe. Ati ukimaliza kahawa niiweke kando vile iko, na zile mbegu za tende umetema pia, mtu atakuja kuchukua. Sasa ni wiki mbili. Mimi nikadhani ni mambo ya hospitali, kupima sukari."

Nilisikia masikio yamekuwa ya moto. Kwa asiyejua niseme. Mtu akidhaniwa amepatwa na jicho, hutafutwa masazo ya yule anayeshukiwa kuwa ndiye aliyemtia jicho. Kahawa aliyoibakisha kwenye finjani, kokwa za tende alizozitema. Hutiwa maji, mgonjwa akanywa au akaoga. Na huchukuliwa kwa siri, kwa sababu kuyaomba waziwazi ni kumwambia mtu usoni kuwa yeye ni hasidi. Hasidi kwetu ana maisha magumu. Haalikwi arusini, haonyeshwi nyumba mpya. Nikaelewa kwa nini juzi yake mke wa dereva mmoja, aliyekaa kwenye benchi na mtoto mchanga, aliniona napita akamfunika mtoto uso kwa mtandio.

"Ni nani anayechukua?" nikamuuliza Akinyi.

"Aki Mzee, wote. Leo huyu, kesho yule. Wanakupenda ama?"

Toka siku hiyo nilikunywa kahawa mpaka tone la mwisho na finjani nikaisuuza mwenyewe. Kokwa za tende nikawa nazitia mfukoni. Nilipokuwa nimesahau kuzitupa, Zuwena alizikuta alipotaka kufua kanzu, kiganja kizima, akaja nazo sebuleni.

"Baba Asma, unapanda shamba?"

Nikamweleza. Nilimweleza kwa hasira, nikitaja kila mtu na ubaya wake. Alinisikiliza mpaka mwisho, anazichezea zile kokwa.

"Basi nambie. Una wivu naye?"

"Mimi si hasidi, Zuwena!"

"Sijakuuliza kama u hasidi. Nimekuuliza kama una wivu."

Niliinuka nikaenda kulala na haikuwa hata magharibi.

Siku tatu baadaye, baada ya sala ya alasiri, mama yake Suleiman alikuja kwangu, peke yake, kwa teksi kutoka Hail. Bi Salma hakuwa mtu wa kutembea ovyo, na magoti yalikuwa yakimsumbua. Zuwena alimkalisha, akamletea halua, hakuigusa.

"Nassor mwanangu, sikuja kukutia aibu. Suleiman hajui kama nimekuja. Wamekuibia kahawa wiki mbili, nimempa zote, haikufaa kitu. Sasa nimeambiwa ya kuiba haisaidii. Inayosaidia ni ile anayoitoa mwenyewe kwa mkono wake."

"Bi Salma, hilo ni koo. Ana daktari."

"Daktari anaye, na dawa anakunywa, na mdomo kafunga. Miezi miwili inakwisha wiki ijayo. Mudiri kasema sauti isiporudi anampeleka ghalani kuhesabu matairi. Wewe unamjua mwanangu. Atakufa mle, bila watu."

Nilimtazama Zuwena. Zuwena alikuwa akitazama halua.

"Nikitoa kwa mkono wangu, mama, nimekiri mbele ya watu wote."

"Ndiyo mwanangu," akasema. "Ndiyo nnachokuomba."

Usiku ule nilipiga hesabu zangu zote. Nisipotoa, Suleiman anakwenda ghalani na kipaza sauti ni changu mpaka nistaafu, na hakuna mwenye ushahidi juu yangu isipokuwa uvumi. Nikitoa, nitakuwa hasidi kwa kinywa changu mwenyewe, mtu wa kufunikiwa watoto mpaka nife. Sikuamini hata kidogo kuwa masazo ya kahawa yanatibu koo. Shida ilikuwa kwamba wivu wenyewe ulikuwa wa kweli.

Asubuhi, wakati wa kubadilishana zamu, ofisi ikiwa imejaa madereva, nilimwambia Akinyi animiminie kahawa. Nikanywa nusu. Nikaenda mpaka meza ya ratiba, nikaiweka finjani mbele ya Suleiman, juu ya fomu zake. Madereva wakageuka mmoja mmoja.

"Chukua," nikasema. "Isiibwe tena, chukua. Nimekuonea kijicho toka siku ya koti. Nimekionea kijicho kituo kile, na picha, na sauti yako. Watu wote wamesema mashallah, mimi sikusema hata mara moja, nilikuwa najitia tende mdomoni. Leo nasema. Mashallah, Suleiman."

Akinyi alikuwa ameshika dele la kahawa hewani, amesahau kulishusha. Suleiman hakuigusa finjani. Uso wake ulikuwa umebadilika, na nikadhani ni hasira, na nikaona ana haki. Alivuta fomu moja ya ratiba, akaigeuza, akaanza kuandika. Aliandika kwa muda mrefu, akafuta, akaandika tena, halafu akanisukumia karatasi bila ya kunitazama.

Aliandika hivi: *Daktari aliniuliza siku ya kwanza, sauti unayotumia kazini ni ya nani? Kasema koo langu si la sauti ile, nimelilazimisha miaka mpaka limeota vinundu. Sikumwambia mtu. Watu waliposema ni jicho lako niliwaacha waseme.*

Nilisoma mara mbili. "Sasa ilikuwa ya nani?"

Alinitazama kama nilivyokuwa nikimtazama yeye zamani akikosea nguzo. Amri ya daktari akaivunja, kwa mnong'ono uliokwaruza, neno moja.

"Yako."

Akachukua tena karatasi. Nilisimama juu ya bega lake nikawa nasoma kalamu inavyokwenda. Bi Hanneke alimpa nafasi siku moja atangaze treni, kwa Kiingereza. Alipofungua mdomo alijiona kijana mdogo mbele ya wale wazee, akaogopa, akatangaza kama ningetangaza mimi. Taja mji mara mbili, hesabu mpaka nne, sauti itoke tumboni. Wazee wa kituo kile walipiga makofi. Aliporudi hakuweza tena kuiacha. Kila asubuhi alikuwa akiingia kazini na hofu kuwa leo nitaitambua. *Nilikuonea kijicho wewe kabla hujanionea mimi,* aliandika. *Kila siku niliyokaa pembeni yako.*

Niseme kwamba nilikasirika? Nilikasirika. Mtu amechukua koti langu, safari yangu, kipaza sauti changu, na sauti iliyomo ndani yake, kisha akaniachia na jina la hasidi nilichukue peke yangu. Yeye alinyanyua ile finjani niliyoibakisha, akainywa yote. Halafu akaichukua ya kwake, iliyokuwa nusu, akaisogeza upande wangu wa meza, na akangoja. Mbele ya madereva wote, alikuwa anakiri.

Ilikuwa baridi na ina iliki nyingi mno. Nikaimaliza.

Nilikwenda kwa mudiri siku hiyohiyo nikamwambia kipaza sauti nitakishika mimi mpaka kijana apone, hata ikichukua mwaka, na ghalani asipelekwe mtu. Ilichukua miezi saba. Mwalimu wa sauti pale hospitali alimfundisha upya, kama mtoto, atumie koo alilopewa na Mungu. Asubuhi aliyorudi kutangaza nilikaa kwenye meza ya ratiba, karibu na ndoo, nikijua hakika nitakachosikia: kijisauti kile cha zamani, na watu wakinikumbuka mimi. Alifungua. Alitaja Nizwa mara mbili, akanyamaza, akataja nguzo. Ilikuwa sauti nyembamba, safi, haina haraka, na mama mmoja aliyekuwa anagombana na mwanawe kwenye benchi la mwisho alinyamaza ili aisikie.

Ilikuwa nzuri kuliko yangu. Wivu ulinipanda palepale, mpya kabisa, kama siku ya koti. Nikasema mashallah kwa sauti, upesi, mara tatu.